Kamera Mbele ya Msanii Aliyeumia Ubongo: Ruhusa Ni Nini?



Katika miaka mingi ya vita huku kwetu mashariki mwa Kongo, tumezoea kuhesabu waliokufa, waliochomewa nyumba na waliokatwa mikono au miguu. Kuna kundi jingine ambalo halihesabiwi sana, kwa sababu kilema chao hakionekani. Ni watu waliopigwa kichwani kwa panga, kwa rungu au kwa kitako cha bunduki, watu waliorushwa na bomu, na watu walioanguka kutoka juu ya pikipiki au lori wakati wa kukimbia. Kidonda cha nje kilipona. Ndani ya kichwa mambo hayakurudi kama zamani.

Kati yao wamo wasanii: wachongaji, wafumaji wa vikapu, washonaji, wachoraji, watunzi wa nyimbo za kwaya, wapiga gita. Hao huvuta sana kamera. Mtu aliyepigwa hadi akapoteza kumbukumbu, na bado mikono yake inachonga, ni habari inayogusa moyo haraka. Mashirika huitaka kwa ajili ya ripoti, waandishi huitaka kwa ajili ya televisheni, na siku hizi kijana yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza na kuituma mbali kabla jua halijatua.

Swali la somo hili ni moja: mtu huyo amekubali kweli? Na kama ubongo wake umeumia, tutajuaje kwamba amekubali?

Tutaangalia filamu tatu za hali halisi ambazo zilitengenezwa Marekani na Uingereza. Hatuzichukui kwa sababu za wazungu ni bora kuliko zetu. Tunazichukua kwa sababu zilitengenezwa polepole, zimeonwa na watu wengi, na kila moja inatufunza jambo moja la lazima. Baada ya hapo tutarudi nyumbani na kuona viongozi na jamaa wafanye nini kamera inapofika mlangoni.

1. KWANZA TUELEWE JERAHA LENYEWE

Ubongo ndio unaoongoza mwendo, maneno, kumbukumbu, hasira, usingizi na kuona. Ukiumia, kila mtu huathirika kwa namna yake, kulingana na mahali palipoguswa. Upande wa kushoto wa ubongo unaongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio pia unaobeba lugha. Kwa hiyo mtu aliyeumia upande huo anaweza kupooza mkono wa kulia na pia kupoteza maneno. Hali hiyo ya kupoteza maneno inaitwa afasia. Mwenye afasia si mjinga. Mara nyingi anajua anachotaka kusema, ila neno halitoki, au linatoka neno lingine.

Mambo mengine tunayoyaona mara kwa mara ni haya:

- Kusahau mambo ya jana huku mambo ya utotoni yamebaki wazi.
- Kuchoka haraka sana, hata baada ya mazungumzo mafupi.
- Kuumizwa na mwanga mkali, kelele na watu wengi wanaosema kwa pamoja.
- Hasira au machozi yanayokuja ghafla.
- Kifafa, ambacho kinaweza kuanza hata miezi au miaka baada ya kuumia.

Vita si sababu pekee. Kiharusi, malaria ya ubongo na ajali za barabarani huleta mambo hayo hayo. Kwa kuwa jeraha halionekani, majirani husema: huyu amelewa, huyu amerogwa, huyu ni mvivu. Maneno hayo yanaongeza jeraha la pili juu ya la kwanza.

Ipo pia habari njema. Ubongo hujifunza tena kwa kurudia. Kazi ya mikono inayofanywa kila siku, kidogo kidogo, inaweza kusaidia sehemu nyingine za ubongo kubeba mzigo wa sehemu iliyoharibika. Watu wengi wenye afasia huweza kuimba maneno ambayo hawawezi kuyasema. Kwa sababu hiyo, kwa mtu aliyeumia ubongo, sanaa ni njia mojawapo ya kupona, wala si mchezo wa kupoteza wakati.

2. FILAMU YA KWANZA: MTU ALIYEJENGA MJI MDOGO

Usiku wa tarehe 8 Aprili 2000, katika mji wa Kingston, jimbo la New York nchini Marekani, wanaume watano walimpiga Mark Hogancamp nje ya baa. Alikuwa amewaambia kwamba hupenda kuvaa nguo na viatu vya kike. Walimpiga karibu kumwua. Alikaa siku 9 katika koma na siku 40 hospitalini. Alipozinduka hakukumbuka sehemu kubwa ya maisha yake. Alilazimika kujifunza upya kutembea, kula na kuandika. Zamani alikuwa mchoraji hodari. Sasa mikono ilitetemeka na hakuweza tena kuchora.

Fedha za matibabu zilipokwisha, Hogancamp alijitengenezea matibabu yake mwenyewe. Nyuma ya nyumba yake alianza kujenga mji mdogo, ambamo kila kitu ni sehemu moja ya sita ya ukubwa wa kweli. Aliuita Marwencol na kuuweka nchini Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wakazi wake ni wanasesere. Mmoja ni yeye mwenyewe, akiwa kapteni. Wengine ni mama yake, rafiki zake na majirani. Kuwavika nguo, kuweka bunduki ndogo mikononi mwao, kupanga vidole vyao, yote hayo yalikuwa mazoezi ya mikono inayotetemeka. Kisha alipiga picha za hadithi zao kwa kamera ya zamani.

Katika hadithi hizo, askari wa Hitler wanamkamata kapteni na kumtesa, na wanawake wa mji wanakuja kumwokoa na kulipiza kisasi. Sisi tunaofanya kazi ya amani tutulie hapa kidogo. Hogancamp alikuwa na hasira halali juu ya watu halisi. Hasira hiyo hakuimeza, wala hakuipeleka barabarani. Aliiweka ndani ya mji wa wanasesere, akairudia mara nyingi, na hakuna damu ya mtu iliyomwagika. Hatusemi kwamba sanaa inachukua nafasi ya mahakama. Mkosaji anapaswa kujibu mbele ya sheria. Tunasema kwamba wakati haki inachelewa, au hata baada ya haki kutolewa, hasira inahitaji mahali pa kukaa. Mchongaji, mtunzi wa nyimbo na mshonaji wanapajua mahali hapo.

Mtengeneza filamu Jeff Malmberg aliziona picha hizo katika jarida la sanaa, akamtafuta Hogancamp. Hakurekodi siku mbili na kuondoka. Alimfuata kwa miaka minne hivi. Filamu yake, iitwayo Marwencol, ilitoka mwaka 2010. Kwa sababu alikaa muda mrefu, jambo la mavazi halikugeuzwa kuwa kichekesho. Mtazamaji anafika kumjua mtu kwanza, na siri yake baadaye.

Hata hivyo filamu yenyewe inabeba swali zito. Hogancamp aliujenga mji kwa ajili ya kupona, si kwa ajili ya soko. Mwaka 2006 picha zake zilitundikwa katika ukumbi wa sanaa mjini New York. Mwaka 2018 kampuni ya Hollywood ikatoa filamu ya kuigiza juu ya maisha yake, na mwigizaji mashuhuri akachukua nafasi yake. Mahali pa siri pa mtu mmoja pamekuwa mali inayotazamwa na ulimwengu. Kwa mtu ambaye kumbukumbu yake iliharibiwa, ruhusa aliyotoa siku ya kwanza inawezaje kufunika yote yaliyofuata?

Funzo la kwanza: Je, anakumbuka? Ruhusa ya mtu anayesahau ni lazima iombwe tena na tena, na iombwe upya kila jambo jipya linapotokea.

3. FILAMU YA PILI: MWANAMKE ALIYESHIKA KAMERA MWENYEWE

Mwezi wa Novemba 2011, mjini London, Lotje Sodderland, mwenye umri wa miaka 34, alivuja damu ndani ya ubongo. Alikuwa mtu wa kazi za filamu, aliyeishi kwa kusoma, kuandika na kuzungumza. Alipozinduka, hakuweza kusoma wala kuandika, na maneno yalimchanganya. Kuona pia kulibadilika: upande wa kulia rangi na maumbo vilionekana vya ajabu, kama ndoto iliyomjia macho wazi.

Kwa kuwa kalamu ilimkataa, alichukua simu yake na kuanza kujirekodi. Siku zile za mwanzo picha hizo zilikuwa daftari lake. Baadaye alimwita mtengeneza filamu Sophie Robinson amsaidie. Filamu iliyotokana na kazi hiyo, My Beautiful Broken Brain, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na ikaingia Netflix mwaka 2016. Majina ya waongozaji ni mawili, na la Sodderland ni mojawapo. Aliyejeruhiwa aliongoza filamu ya jeraha lake.

Filamu hiyo haisemi uongo juu ya kupona. Katikati ya safari, Sodderland anashikwa na kifafa, na sehemu ya maendeleo yake inarudi nyuma. Watu wengi wanaotengeneza filamu za mashirika wangekata sehemu hiyo, kwa sababu wafadhili hupenda habari inayopanda tu. Lakini familia yenye mgonjwa wa namna hii inajua kwamba njia ina vilima na mabonde. Filamu inayoficha mabonde inawaumiza wale wanaoishi humo, kwa maana watadhani ni wao tu walioshindwa.

Sasa tufikirie: kama siku zile mtu angemletea Sodderland karatasi ya ruhusa yenye kurasa tatu na kumwambia atie sahihi, ingekuwa na maana gani? Alikuwa mwanamke aliyesoma sana, lakini barua zilikuwa zimegeuka michoro mitupu mbele yake. Huku kwetu tunafanya hivyo kila siku. Tunampa karatasi ya Kifaransa mama ambaye hakupata nafasi ya kusoma, au aliyesoma kisha akapigwa kichwani, tunachukua alama ya kidole gumba, tunaiweka kwenye faili, na tunasema: amekubali.

Funzo la pili: Je, anaelewa? Ruhusa itolewe kwa njia ambayo mtu huyo bado anaiweza: kwa sauti, kwa picha, kwa lugha ya nyumbani, kwa kuonyeshwa filamu nyingine ili aone kitu kinachozungumziwa. Na palipo na uwezekano, apewe kamera aishike mwenyewe.

4. FILAMU YA TATU: MWIMBAJI WA MANENO MANNE

Edwyn Collins ni mwimbaji na mpiga gita kutoka Scotland. Mwezi wa Februari 2005 alivuja damu kwenye ubongo mara mbili katika siku chache. Alikaa hospitalini miezi sita hivi. Mkono wake wa kulia ulidhoofika, na afasia ikamchukulia karibu maneno yote. Kwa muda yalibaki manne tu: ndiyo, hapana, jina la mke wake Grace Maxwell, na usemi mmoja wenye maana kwamba yawezekanayo hayana mwisho. Usemi huo ndio uliokuja kuwa jina la filamu yake, The Possibilities Are Endless, iliyotengenezwa na Edward Lovelace na James Hall na kutoka mwaka 2014.

Collins hakuweza tena kupiga gita kama zamani. Alianza kuchora ndege kwa mkono wa kushoto. Utotoni alipenda ndege. Michoro ya kwanza ilikuwa ya mkono usiozoea. Aliendelea, na ndege wakaanza kufanana na ndege. Mwaka 2010 akatoa albamu mpya, na nyingine zikafuata.

Waongozaji wa filamu hiyo walifanya jambo la busara. Hawakuanza na madaktari wanaoeleza ugonjwa. Sehemu ya kwanza ya filamu ni vipande vya picha za maji, milima na sauti zisizoungana, ili mtazamaji aonje kidogo kuchanganyikiwa kwa mtu aliyeamka bila maneno. Kisha polepole picha zinaungana, kama maneno yalivyorudi. Sauti ya mke wake ipo katika filamu, lakini haimfuniki mume. Collins anaachwa atafute neno, na mtazamaji anangoja pamoja naye.

Hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui. Mwenye afasia anaweza kusema ndiyo akitaka kusema hapana. Neno linamponyoka tu. Ukimwuliza mara moja, akaitika, na wewe ukawasha kamera, huenda umemwibia. Na akiwa na jamaa anayemsemea kila kitu, huenda jamaa ndiye anayekubali, kwa haya au kwa tumaini la msaada.

Funzo la tatu: Je, anaweza kusema hapana? Uliza jambo moja kwa namna mbili. Kwa mfano: Papa, unapenda tukurekodi? Kisha baada ya muda: Papa, tuache kamera leo? Akisema ndiyo mara zote mbili, bado hujapata jibu. Tumia mikono, kichwa, picha mbili za kuchagua. Na umpe muda.

5. TURUDI NYUMBANI

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, hatumsemi mtu fulani. Papa mmoja mchongaji alipigwa rungu kichwani kijiji chake kiliposhambuliwa. Anaishi na binti yake katika eneo la wakimbizi wa ndani. Anachonga vikombe na ndege wadogo. Hakumbuki shambulio lenyewe, ila usiku anapiga kelele. Wanakuja vijana watatu wenye kamera, wapole, wenye nia njema. Wanataka kutengeneza filamu juu yake. Tufanye nini?

Kabla ya kamera

Kikao cha kwanza kiwe bila kamera. Wageni wajitambulishe kwa mwenyekiti na kwa kamati, lakini wajue kwamba ruhusa ya mwenyekiti si ruhusa ya Papa. Kiongozi hufungua mlango wa eneo. Mlango wa maisha ya mtu hufunguliwa na mwenyewe. Waeleze filamu itaonyeshwa wapi: kijijini, Kinshasa, Ulaya, kwenye simu za watu wote. Waseme wazi kuhusu pesa. Kama hakuna malipo, waseme hakuna. Kama filamu ikiuzwa, Papa atapata nini? Na chakula cha msaada kisiunganishwe kamwe na kukubali kurekodiwa.

Papa akikubali, wageni wapumzike siku mbili tatu, kisha warudi kuuliza: Papa, tulisema nini siku ile? Tunaomba utueleze kwa maneno yako. Kama amesahau, waanze tena bila kumwaibisha. Kama kila mara anasahau yote, basi binti yake na mtu mwingine anayemwamini wasaidie kuamua. Na hata hapo, siku yoyote Papa akionyesha uso wa kukataa, kukataa kwake kunashinda karatasi yote.

Ruhusa irekodiwe kwa sauti yake. Nakala ibaki kwa familia.

Wakati wa kamera

Rekodini asubuhi, akili ikiwa haijachoka. Dakika 20 au 30, kisha kupumzika. Taa kali, jenereta karibu na mlango na watoto 40 waliokusanyika, vyote vinamchosha. Kaeni upande anaoona vizuri. Swali moja kwa wakati mmoja. Ngojeni jibu, msimalizie sentensi yake.

Mwonyesheni akifanya kazi. Kamera ikae kwenye mikono na kisu na mti, si kwenye kovu peke yake. Msimwombe aigize siku ya shambulio. Kurudisha mwili katika tendo lile kunaweza kumrudisha huko kwa wiki nzima, wakati nyinyi mmeshaondoka.

Msitaje kabila au kikundi cha waliompiga kwa jina linaloweza kuwasha moto. Hili ni jambo la amani, si la woga. Filamu moja inayosema hawa ndio walimharibu Papa inaweza kutumiwa na wachochezi kuwapiga watu ambao hawakuwapo. Ushahidi wa uhalifu una mahali pake, kwa wanaoweza kuulinda pamoja na shahidi. Fichueni kazi ya Papa. Jina la mahali anapolala lifichwe.

Akishikwa na kifafa, zimeni kamera. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, legezeni nguo shingoni, msimwekee kitu chochote kinywani. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe haraka kituo cha afya. Mtu aliyepigwa kichwa karibuni naye, akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuumwa kichwa kunakozidi, hangoji filamu wala sala ya kesho, anapelekwa leo. Kwa matatizo ya muda mrefu ya akili na kifafa, wengi wetu tunawafahamu Tulizo Letu pale Goma na SOSAME pale Bukavu.

Baada ya kamera

Papa awe mtazamaji wa kwanza. Aonyeshwe filamu kabla haijakamilika, pamoja na binti yake, na apewe nafasi ya kusema: hapa toeni. Kisha tu ndipo iende mbali.

Hapa kuna ugumu wetu wa pekee. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi za kandokando ya Goma zilivunjwa, na watu wakatawanyika kwa siku chache. Mtu aliyerekodiwa Januari huenda Machi hayupo tena mahali pale, na simu haipatikani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mkubaliane: tukikukosa, tumwulize nani? Andikeni majina ya watu wawili, katika sehemu mbili tofauti. Na mkubaliane pia: tusipompata yeyote, filamu haitatumika kwa jambo jipya. Ukimya wa mtu aliyekimbia usihesabiwe kuwa ndiyo.

6. NENO KWA VIONGOZI NA KWA FAMILIA

Viongozi, mna haki ya kukataa wageni wasiofuata mambo haya. Msiogope kwamba msaada utakatika. Wageni wa kweli huheshimu zaidi mahali palipo na utaratibu. Wekeni mtu mmoja katika kamati, ikiwezekana mwanamke anayeaminiwa, ambaye kila mwenye kamera atapitia kwake kwanza. Na msitume kila mgeni kwa mgonjwa yule yule. Kuna watu ambao wamesimulia kifo chao mara nyingi kuliko walivyosimulia maisha yao.

Familia, tunajua uchovu wenu. Kumtunza mtu aliyebadilika ni kama kufiwa na mtu ambaye bado anakula nanyi. Grace Maxwell alimpa mume wake muda wa kutafuta neno; hiyo ilikuwa kazi ya miaka. Mnapomsemea mgonjwa wenu, fanyeni hivyo kwa yale tu asiyoyaweza. Mkiona anarudia kazi ile ile ya mikono kila siku, vikapu vibaya vibaya visivyouzika, msimnyang'anye. Huenda ndiyo dawa yake. Hogancamp alivuta gari dogo la kuchezea barabarani kilomita nyingi ili magurudumu yachakae kama ya kweli. Majirani wangeweza kumcheka tu. Mmoja, mpiga picha, alisimama akamwuliza anafanya nini. Kwa swali hilo picha zake zikafika ulimwenguni.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika eneo letu, ni akina nani waliobadilika baada ya kuumia kichwa? Tunawaita majina gani? Majina hayo yanawajenga au yanawavunja?

2. Je, kuna mtu kati yetu aliyewahi kurekodiwa na hakuona kamwe kilichorekodiwa? Tungependa wageni wangefanya nini?

3. Hogancamp aliweka hasira yake katika mji wa wanasesere. Sisi hasira zetu tunaziweka wapi? Ni nyimbo gani, ngoma gani, kazi gani za mikono zinazoweza kuzibeba bila kumwua mtu?

4. Ikiwa mgonjwa hakubali lakini jamaa yake anakubali kwa sababu ya njaa, kamati itafanya nini?

5. Vijana wetu wenye simu: kabla ya kutuma picha ya mtu, mnauliza nani?

ZOEZI LA JUMA HILI: Mtembelee mtu mmoja aliyeumia ubongo ambaye anafanya kazi ya mikono. Nenda bila kamera. Kaa naye dakika 20, umwulize juu ya kazi yake, si juu ya siku aliyopigwa. Ukisahau kila kitu cha somo hili, ushike maswali matatu: anakumbuka, anaelewa, anaweza kusema hapana? Jibu likiwa hapana kwa mojawapo, kamera ingoje. Mti wa kuchonga upo, na Papa yupo. Filamu inaweza kungoja.